Shangazi, nimecheka chini ya maua na arobaini ya mama bado

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia kutoka Tokyo, nasoma shahada ya uzamili, mwaka wa pili sasa. Kwetu ni Usangi, Upare. Mama yangu alifariki kumi la kati la Ramadhani iliyopita. Simu ya kaka iliita nikiwa maabara, huku saa nne asubuhi. Nikapiga hesabu: kule ni saa kumi alfajiri, wakati wa daku. Nikapokea nikicheka, nikajua wananitania kama kawaida yao, kwamba wao bado wanakula na mimi nimeshafunga. Kaka hakusema kitu. Nikasikia wanawake wanalia nyuma yake.

Presha ilimpanda usiku, hawakuwahi kufika hospitali. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri, kama dini inavyotaka, na mimi hata ningekuwa na tiketi mkononi nisingewahi. Binamu yangu alishika simu makaburini ili nione. Unazijua milima yetu na mtandao. Niliona watu wamesimama, nikaona jeneza linashushwa begani, halafu picha ikaganda kwenye mgongo wa mtu aliyevaa kanzu. Nilikaa nikiutazama mgongo ule mpaka simu ikajikata yenyewe.

Shangazi, sikulia. Kesho yake nilirudi maabara nikaendelea na vipimo vyangu vya maji. Sensei wangu, yaani mwalimu wangu, na wenzangu waliinama, wakasema maneno yao ya rambirambi, wakanyamaza. Akina mama wa msikiti wa Yoyogi-Uehara walinisomea dua, Mungu awalipe. Nyumbani kila aliyepiga simu aliniambia nijikaze. Mara moja tu ndiyo nilicheka, siku kaka aliponisimulia kuhusu mtani wetu Mchaga aliyekaa katikati ya njia akazuia jeneza lisipite mpaka alipwe, eti marehemu alimpeleka baraza la kata kwa ajili ya kuku mmoja na kesi haijaisha. Kaka alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Idi nikaila peke yangu chumbani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Njia yangu ya kurudi ninakokaa inapita katikati ya makaburi ya Yanaka, karibu na stesheni ya Nippori. Kuna barabara pale ina miti ya maua iitwayo sakura pande zote mbili, matawi yamekutana juu. Mwisho wa Machi ilifunguka yote. Jioni moja nikamwona mzee anasafisha kaburi. Alikuwa na ndoo ya mbao na upawa wenye mpini mrefu, anachota maji na kulimwagia jiwe kutoka juu, taratibu. Akapangusa. Kisha akatoa makopo mawili ya kahawa mfukoni, akafungua moja akaliweka juu ya jiwe, la pili akanywa mwenyewe. Petali zilikuwa zinadondoka na kunata pale penye maji, naye hakuziondoa.

Kwetu pia kaburi likishafukiwa linamwagiwa maji. Hayo sikuyaona, picha ilikuwa imeshaganda. Nikakaa kwenye ukingo wa njia nikalia kwa mara ya kwanza. Watu walipita, hakuna aliyeniuliza kitu. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, jambo ambalo lilikuwa limenikimbia. Tangu hapo kila jioni nikawa napita pale na kukaa.

Wenzangu wa maabara walikuwa wamenialika kwenye hanami yao, kule kukaa chini ya maua na kula pamoja, nikawa nimekataa. Baada ya Yanaka nikaenda. Tulikaa bustani ya Ueno, wao na vinywaji vyao, mimi na chai yangu. Mwenzangu mmoja akanipiga picha nimeinua vidole viwili kama wanavyofanya huku, meno yote nje. Nikaiposti WhatsApp.

Haikupita saa, mama mdogo akaandika kwenye kundi la familia: "Hongera mwanangu kwa pikiniki. Sisi huku tunahangaikia sufuria za hitma ya mama yako." Kaka ameiona picha yangu, nimeona alama, na hajaandika neno. Tangu siku hiyo hajanipigia.

Shangazi, nimekosa? Arobaini bado. Na mbona mti umenifariji kuliko watu wangu wote waliohangaika kunipa pole? Naona kama nina kasoro. Halafu jana upepo ulikuwa mkali na leo mvua inanyesha, maua yanaisha. Naogopa yakiisha nitarudi kule nilikokuwa.

Mwenye msiba wa mbali, Tokyo

*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, Mungu amweke mama mahali pema na akupe subira wewe uliyepokea habari ile ukiwa unacheka. Hilo la simu ya daku nimelisoma mara mbili.

Tuanze na dini tulimalize. Mimi si sheikh, lakini hili kila aliyekaa madrasa analijua: mwanamke hakai matanga zaidi ya siku tatu kwa maiti yeyote isipokuwa mumewe, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Siku zako tatu ulizimaliza ukiwa umeinamia vipimo vya maji. Arobaini ni mila yetu, nami naipenda, inakusanya ndugu na kumwombea marehemu, ila haijawahi kuwa amri ya kumkataza mtu kukaa chini ya mti. Na kulia si upungufu wa imani. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, machozi yakaonekana, na masahaba walipomshangaa akasema hayo ni rehema. Kwa hiyo neno "nimekosa" lifute. Mengine yaliyobaki ni ya kibinadamu, na hayo ndiyo magumu.

Nikuulize: yule mtani Mchaga, mbona hakuna aliyemwandikia kwenye kundi la familia? Amezuia jeneza la dada wa mtu, ndani ya Ramadhani, akadai pesa, akamsingizia marehemu kesi ya kuku, na watu wakashika mbavu. Kaka yako anayekunyamazia leo ndiye aliyekusimulia akicheka mpaka akakohoa. Hakuna Mpare aliyesema mtani amevunja heshima, kwa sababu wote mnajua kazi yake pale. Kwetu msiba usio na kicheko hata kimoja ni msiba uliokosa watani, na huo watu huuhurumia.

Wewe ulikosa yote hayo: turubai, mikeka, harufu ya pilau ya watu mia, wale wanawake wanaokaa na mfiwa usiku kucha wakizungumza mambo ya bei ya sukari. Halafu wenzako wa Ueno wakakutandikia turubai. Nimeziona picha za hanami miaka mingi: lile turubai la plastiki la bluu, viatu vimepangwa pembeni, chakula katikati, mtu mmoja ametumwa tangu asubuhi kushika nafasi. Mjapani akipanda Usangi siku ya msiba akakuta turubai, viatu vimerundikwa, masinia yanazunguka na mtu mmoja anachekesha wengine, si atauliza hii ni harusi ya nani? Mama mdogo amefanya kosa hilohilo kwa upande wa pili. Ameona turubai, hakuona kwamba ni la msiba wako.

Wala usidhani Wajapani wenyewe hawajagombana kwa jambo hili. Tarehe 11 Machi 2011 lilipiga tetemeko na tsunami kaskazini mashariki mwa nchi, wakafa na kupotea watu zaidi ya 18,000. Wiki chache baadaye sakura za Tokyo zikafunguka, hazikujua kuna msiba. Gavana wa jiji wakati ule, Shintaro Ishihara, akasema huu si wakati wa kukaa chini ya maua na kunywa. Wengi wakaona ana haki. Nani atakula na kucheka wakati maiti bado zinatafutwa kwenye matope? Waliompinga, mwanangu, walitoka hukohuko kwenye msiba. Watengeneza sake, pombe ya mchele, wa Iwate, mkoa ulioumia, walijitokeza kwenye video wakaomba watu wafanye hanami yao na wanywe sake ya kwao, kwamba nchi nzima ikijifungia ndani kwa huzuni, wao waliobaki hai watakufa njaa. Simaanishi nawe unywe, baki na chai yako. Nataka uone kwamba gavana wa Tokyo ndiye aliyekuwa mkali, na mwenye msiba ndiye aliyeomba maua yatazamwe.

Na jambo la pili la mwaka ule ndilo linalonigusa zaidi. Kuna mji wa pwani unaitwa Rikuzentakata, ulipoteza zaidi ya watu 1,700. Baadhi ya wakazi wakaamua kupanda miti ya sakura kwenye ule mstari ambao maji yaliishia, mstari wenye urefu wa kilomita kama 170, lengo likiwa miti 17,000. Sababu yao ni ya kazi kabisa: mjukuu atakayesikia ardhi inatikisika ajue akimbilie juu ya miti ile. Watu waliozika familia nzima walipotafuta alama ya kuweka hawakuchagua mnara wa saruji. Basi anayekuambia sakura ni mambo ya pikiniki mwambie kwa adabu kwamba inategemea imepandwa wapi.

Hata pale Yanaka halikuwa jambo la kubahatisha. Wajapani wana wiki yao ya Higan mwezi Machi, katikati yake ni ile siku mchana na usiku vinapolingana, watu huenda kusafisha makaburi ya wakubwa wao. Sakura za Tokyo kwa kawaida hufunguka siku hizohizo au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo mzee wako wa kahawa hakutoka nyumbani kwenda kutazama maua. Alikwenda kwa mtu wake, maua yakamkuta hapo.

Sasa ngoja nikuguse pale ulipoumia. Unaniuliza kwa nini mti umekufariji kuliko watu. Soma tena barua yako. Ulipita kwenye sakura zilizofunguka, hukulia. Umelia ulipoona maji yanamwagwa juu ya kaburi. Kile kipande cha mazishi ambacho mtandao ulikunyima, mtu usiyemjua alikionyesha mbele yako taratibu, kwa upawa. Mwanangu, ulizika pale. Ulichelewa kwa wiki kadhaa na ulizika katika makaburi ya watu wa dini nyingine, lakini ulizika, na ndiyo maana usiku ule ulilala. Huna kasoro yoyote. Mwili wako ulikuwa bado umesimama kwenye ule mgongo wa kanzu unangoja shughuli iishe.

Maua nayo yana sehemu yao, siyanyimi. Kila anayekupa pole, hata akiwa na nia njema, anangoja jibu. Lazima umwambie nimeshapoa, namshukuru Mungu, tunaendelea. Mfiwa anageuka kuwa mtu wa kuwatuliza waliokuja kumtuliza. Wewe uliye mbali unafanya hivyo kwenye simu usiku kucha, maana huko uliko ukitaka kulala ndiyo kwanza kule nyumbani wanatoka kazini. Mti haukudai kitu. Na wapita njia wa Tokyo hawakukuuliza, jambo ambalo sisi tungeliita roho mbaya, nami leo nasema kuna siku mtu anahitaji kuachwa alie bila kuulizwa analilia nini.

Kuna neno moja la maua haya nataka ulikwepe. Utakutana na watu, wengine si Wajapani hata kidogo, watakaokuambia kwamba sakura ni nzuri kwa sababu inaanguka upesi, na kwamba kifo nacho ni hivyohivyo, tukikubali tutaona uzuri wake. Lugha hiyo imewahi kutumiwa vibaya sana. Mwaka 1945 jeshi la Japani lilikuwa na ndege ya bomu iliyopewa jina la ua la sakura, rubani anaingia na harudi, na vijana wa umri wako walifundishwa kwamba kuanguka kama petali ndiyo heshima. Uzuri wa ua ni wa ua. Mama yako hakuanguka kama petali. Alikuwa na presha, amekufa kabla hujamvalisha joho lako la kuhitimu, na una ruhusa ya kuchukia hivyo mpaka utakapochoka kuchukia. Ukiipenda miti ile ipende kama miti.

Na sasa inanyesha na yanaisha. Ndivyo yalivyo. Sakura nyingi za Tokyo ni za aina moja, Somei Yoshino, ambayo haipandwi kwa mbegu bali kwa kubebesha kijiti, kwa hiyo miti yote ni kama mtu mmoja aliyejigawa. Ndiyo sababu hufunguka siku moja jiji zima na kuondoka pamoja. Tangu kufunguka mpaka kujaa ni kama wiki, na mvua moja yenye upepo inatosha kumaliza kazi. Hao watu wa hali ya hewa wana mti wao maalumu kwenye hekalu la Yasukuni, wakiuona umetoa maua 5 au 6 ndipo wanatangaza kwamba msimu umeanza Tokyo. Nchi yenye ofisi ya kuhesabu maua matano! Lakini hawana anayetangaza mwisho, na nadhani wana akili.

Ukitaka kuongeza siku, zipo sakura za petali nyingi zinazochelewa, hufunguka Aprili hii wakati za kwanza zimeshatoa majani. Bustani ya Shinjuku Gyoen inazo nyingi, na pale pombe hairuhusiwi kupita getini, kwa hiyo utakaa kwa amani kuliko Ueno. Nenda Jumapili moja na chai yako. Ila usiyafukuze maua kaskazini mpaka Hokkaido, ambako hufunguka mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Utarudi huna nauli na msiba utaukuta unakungoja mlangoni. Makaburi ya Yanaka hayafungwi maua yakiisha. Endelea kupita njia yako ileile ikiwa na majani, utaona kama ni maua uliyokuwa unayafuata au ni mahali pa kukaa.

Lakini nisikudanganye kwamba kupita pale kutatosha daima. Ukiona majuma yanapita hulali, chakula hakipiti, au mawazo ya kumfuata mama yanaanza kukutembelea, usimngoje shangazi ajibu barua. Vyuo vya Japani vina ofisi za ushauri kwa wanafunzi, muulize sensei wako au ofisi ya wanafunzi wa kigeni leo hii. Ukipata siku mbaya zaidi ya hapo, mpigie yeyote aliye karibu, hata kama ni yule mwenzako wa picha.

Tuje kwa mama mdogo. Maneno yake yalikuwa makali, na angeweza kukupigia wewe peke yako badala ya kukuanika kundini. Hilo nalisema na ninalirudia akilisoma hapa. Lakini tazama alichokiona. Amempoteza dada yake, mikono inanuka vitunguu vya hitma, anafungua simu apumzike, anakuta meno yako. Machozi ya Yanaka hukumwonyesha. Kundini mlionyeshana sehemu mbili tofauti za msiba mmoja: wao walikutumia jeneza, wewe ukawatumia kicheko. Kosa la kwenda Ueno silioni. Kuiposti picha ile kwa watu wote bila neno hata moja, hapo ulikuwa na haraka, na nadhani ulitaka mtu wa nyumbani akuone kwamba u hai.

Usijitetee kwa kuandika. Kundi la WhatsApp halijawahi kupatanisha Wapare, mnajijua kwa kesi. Mpigie kwa sauti, huko uliko ikiwa saa mbili usiku, kule nyumbani ni saa nane mchana, ameshaswali adhuhuri na hajaanza mambo ya jioni. Usianze na picha. Mwamkie, mwache aseme, akilia lieni. Halafu umsimulie yule mzee, ndoo na upawa na kahawa, kama ulivyonisimulia mimi. Mtu mzima wa Kipare hahitaji kufafanuliwa maana ya kumwagia kaburi maji. Mchango wako wa hitma tuma, kiasi unachoweza mwanafunzi, lakini utume siku nyingine isiyo ya simu hiyo, asije akaona umelipa faini.

Kaka nampa nafasi yake peke yake. Alama mbili za bluu si lazima ziwe hasira. Huyu ndiye aliyekupigia alfajiri ile akashindwa kusema, ndiye aliyebeba, ndiye aliyepokea mikono ya watu mia wakimwambia awe mwanamume. Inawezekana picha yako aliitazama akatamani naye apate mti. Usimuulize kama amekasirika, atasema hapana na mtaishia hapo. Mwombe akusimulie mazishi kuanzia picha ilipoganda: nani aliingia kaburini, nani alimwaga maji, mvua ilikuwepo au jua, mtani alilipwa shilingi ngapi mwishowe. Una haki ya kuyajua hayo, na nadhani hakuna aliyemuuliza.

Siku ya hitma waombe waweke simu kwenye mkeka upande wa wanawake. Ikikatika, mpigiane tena. Wewe soma Yasini yako huko uliko saa hiyohiyo. Kama kuna mwenzako wa maabara anataka kukaa nawe, mkaribishe, mpe chai na kitumbua ukiweza kupika, mwambie tu leo ni siku ya mama. Wamekutandikia turubai lao, ni zamu yako.

Kisha weka akiba ya nauli. Uende ukafanye kwa mkono wako lile uliloliona likifanywa na mgeni. Usikate tiketi ya katikati ya Agosti: hiyo ni Obon, Wajapani nao wanarudi makwao kwa ajili ya wafu wao, na nauli hupanda bila huruma. Tafuta ya Septemba, kabla muhula haujafunguliwa, na mwambie sensei mapema ili asikupangie vipimo.

Wako,
Shangazi